Kitasa cha Pili

Sauti ya kwanza aliyoisikia Tunu Shekilindi asubuhi ya Siku ya Kiapo ilikuwa ya mtoto asiyemjua.

"Saba mara nane, hamsini na... mama, usiniambie! Hamsini na sita."

Tunu alizima. Kidole kilifika kwenye kitufe kabla akili haijamaliza kushangaa. Alikaa katika chumba cha mitambo, orofa ya chini kabisa ya jengo la Kizingiti mjini Tanga, akasoma upya tarakimu alizoziandika. Alikusudia kufungua nyumba yake mwenyewe iliyopo Chumbageni. Tarakimu ya mwisho alikuwa ameikosea. Nyumba aliyoifungua ilikuwa ya mtu mwingine, na ilikuwa imefunguka.

Haikupaswa kufunguka. Kizingiti iliuza kitu kimoja tu, nacho ni kwamba haina uwezo wa kukusikia. Maneno yake yalibandikwa kwenye kuta za miji yote ya Shirikisho, kuanzia Tanga hadi Kisangani: *Hata tukitaka, hatuwezi.* Katika kila nyumba ya mteja alikaa bawabu, mtambo mdogo wa duara uliopachikwa juu ya mlango wa sebuleni. Bawabu alikumbusha wagonjwa dawa, alifundisha watoto hesabu, na watu walipobishana nani alisema nini juzi, yeye ndiye aliyetoa ushahidi. Alisikia kila kitu, katika kila chumba. Lakini alichokisikia alikifunga kwa ufunguo uliotengenezwa kwa sauti za wenye nyumba, kisha akakipeleka kwenye ghala la kampuni kikiwa kimefungwa hivyo hivyo. Kizingiti ilitunza masanduku. Funguo zilibaki majumbani.

Mshindani wao aliitwa Jirani. Jirani aligawa mitambo yake bure, na kila mtu alijua kwa nini. Ukilalamika asubuhi kwamba magoti yanakuuma, mchana unaletewa tangazo la dawa ya magoti, na jioni mwajiri wako anauliza kama bado unaweza kupanda ngazi. Watu walimlipia bawabu wa Kizingiti kama wanavyolipia mlango. Si lazima uwe na cha kuficha ndipo utake mlango.

Tunu alichukua ufunguo alioutumia, akausoma mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa ufunguo wa majaribio, wa miaka sita iliyopita. Alikuwa ameutoa kwenye kumbukumbu za zamani ili afute nyumba za majaribio kabla ya sherehe, kazi ya usafi tu. Alifungua mchoro wa bawabu anayeuzwa madukani leo, akateremka hadi kwenye sehemu ya kufuli. Palikuwa na kitasa cha mwenye nyumba. Kando yake palikuwa na kitasa cha pili.

Alikiangalia kwa muda mrefu, kama daktari anavyoangalia picha ya mapafu ya mtu anayemfahamu.

* * *

"Nani anajua?" aliuliza Gervas Semkiwa, mkuu wa chapa, mtu aliyevaa vizuri hata alipokuwa na homa.

"Mimi," alisema Tunu. "Na sasa nyinyi wawili."

"Basi tumesalimika."

"Gervas, nyamaza kwanza," alisema Bi Mwantumu. Ofisi ilikuwa yake, na kampuni aliianzisha yeye akiwa na mafundi wachache waliokopeshana vifaa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeelekea uzeeni bila kuulizwa, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua mitambo. Maana sijui."

"Tulipotengeneza bawabu wa kwanza, hatukutaka kusikiliza nyumba za watu," alisema Tunu. "Tukajaribu kwenye nyumba zetu wenyewe, sisi mafundi. Tukatengeneza ufunguo mmoja unaofungua nyumba zote za wafanyakazi, tusihangaike. Kitasa chake tukakiweka ndani ya bawabu. Bawabu alipopelekwa kiwandani, kitasa kikaenda naye. Ufunguo ule unafungua kila nyumba tunayoihudumia."

"Miaka sita, na hakuna aliyeona?"

"Angeonaje? Kuingiza ufunguo kwenye nyumba ya mteja, hata kwa kujaribu, ni kosa la kufukuzwa kazi. Ni kanuni ya kwanza, uliyoiandika wewe. Tuliogopa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo hatukujua kama tundu lipo."

Bi Mwantumu alivaa miwani, akaivua tena.

Semkiwa alikuwa ameshaanza kutembea huku na huko. "Kinaweza kuondolewa?"

"Kwa muda wa saa moja. Natuma maelekezo, kila bawabu anakiziba mwenyewe."

"Basi kizibe! Saa tisa unapanda jukwaani, unasema 'Hatuwezi' kama kila mwaka, na utakuwa unasema kweli. Kamati ya zahanati wanaona, wanatupa zabuni, tunakwenda nyumbani kula."

Kiapo chenyewe kilikuwa neno hilo moja. Kila mwaka Mthibitishaji, ambaye ndiye Tunu, mhandisi aliyesajiliwa na serikali na asiyeweza kuachishwa kazi kwa sababu ya jibu lake, alisimama mbele ya umma akaulizwa kama kampuni inaweza kuwasikia wateja. Bila jibu lake ghala halikuruhusiwa kuendelea. Mwaka huu kamati ya Shirikisho ilikuwa inatafuta bawabu wa kuwekwa kwenye vyumba vya madaktari katika zahanati zote. Walikuwa wameshakaa kwenye hoteli iliyo mkabala na jengo.

"Kuanzia leo itakuwa kweli," alisema Tunu. "Lakini masanduku ya miaka sita yako ghalani, na yana vitasa viwili. Ufunguo ule ulishikwa na mafundi wote wa mwanzo. Wengine leo wanakula mshahara wa Jirani."

"Wana nakala?"

"Sijui. Siwezi kujua."

"Basi funga ghala upya."

"Linafungwa na wenye nyumba. Bawabu anapiga hodi, anasema amekuja kwa shida gani, mtu anajibu karibu, sanduku linafungwa upya kwa kitasa kimoja. Bila sababu hawezi kupiga hodi. Ndivyo alivyoumbwa."

Semkiwa alisimama. "Awaambie ni usafi wa mitambo."

"Usafi wa mitambo?" alirudia Tunu.

"Si ndicho ulichokuwa unafanya asubuhi?"

"Semkiwa, tunauza hodi. Unataka tukaipige kwa uongo, kwenye nyumba milioni kumi na moja, kwa siku moja?"

Tunu alidhani hapo amemmaliza. Lakini Semkiwa hakuwa mjinga. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, na aliposema sauti yake haikuwa ya matangazo.

"Dada Tunu, hesabu basi, wewe si mtu wa hesabu? Ukisema ukweli leo, watu watakasirika. Wakikasirika, wanahamia kwa Jirani, maana kwingine hakuna. Kule hakuna kitasa kimoja wala viwili. Huyo mtoto wako wa saba mara nane atauziwa daftari kabla hajafika nane mara tisa. Ukinyamaza, anabaki mahali ambapo kuanzia leo ni salama kweli. Nakuuliza, si kwa ajili ya mshahara wangu. Kipi kinamlinda huyo mtoto?"

Swali hilo lilimsumbua Tunu kuliko kitasa. Kitasa alijua jinsi ya kukiziba.

Alilipima swali kama alivyopima kila kitu, akitenga alichokijua na asichokijua. Alijua kwamba kunyamaza kungemlinda mtoto yule kwa sharti moja: kwamba hakuna nakala ya ufunguo popote. Sharti hilo halikuweza kupimwa. Alijua pia kwamba kusema kungewahamisha baadhi ya watu, na idadi yao nayo haikuweza kupimwa. Pande zote mbili zilikuwa na giza. Tofauti aliyoiona ni moja tu. Akinyamaza, giza ni lake peke yake, na wenye nyumba wanalala ndani yake bila kujua limewafunika. Akisema, wanapima wenyewe.

"Sijui kipi kinamlinda," alisema hatimaye. "Ninajua tu kwamba si mimi wa kumwamulia mama yake."

Bi Mwantumu alikuwa anatazama mikono yake. "Neno ni lako, mwanangu. Siwezi kukulazimisha ulitamke wala ulimeze. Ila ukiamua kusema, sema lote. Ukisema nusu nitakuchukia, hata kampuni ikibaki hai."

"Nitalitenga ghala kwanza, lisifikiwe kutoka popote. Asije mwenye nakala akatusikia jukwaani, akakimbilia masanduku."

"Bawabu wote watapoteza kumbukumbu?"

"Mpaka wenye nyumba wajibu."

"Tenga," alisema Bi Mwantumu.

* * *

Palibaki jambo moja, na hilo lilikuwa la simu. Mume wake Hemedi alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, mashine ya kukanda unga ikinguruma nyuma yake.

"Baba Tatu, nataka kufungua nyumba yetu mbele ya watu. Dakika moja, tarehe watachagua wao. Nikieleza kwa maneno hawatanielewa."

"Nyumba yetu? Siku hiyo mimi nilisema nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

Mashine ilinguruma. "Kama ni ile siku niliyomsema mama yako?"

"Basi na yeye atasikia."

"Lo." Akapaza sauti kuishinda mashine. "Sebuleni tu. Chumba cha watoto, hapana. Na wala si cha kwetu."

"Sebuleni tu."

"Haya. Lakini Mama Tatu, nikichekwa mtaani, wewe ndiye utakayekwenda dukani mwezi mzima."

* * *

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wajumbe wa kamati ya zahanati, katikati yao mwenyekiti, Dakta Ansila Mbunda, aliyekuwa na sifa ya kutotabasamu kwenye kazi. Nyuma ya jukwaa palikuwa na ramani ya Shirikisho iliyofunika ukuta mzima. Kwa kawaida ilimeta, kila nyumba nukta yake. Leo, ghala likiwa limetengwa, ilikuwa nyeusi, na watu walinong'ona wakiitazama.

Tunu aliulizwa swali la kiapo. Hakulijibu. Alieleza kitasa cha pili, kilivyoingia na kwa nini hakikuonekana, akatumia maneno yale yale aliyoyatumia ofisini. Hakuongeza pole wala hakupunguza kosa. Kisha akaomba mtu yeyote ataje siku.

Mzee mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Kibwana, fundi saa wa Ngamiani, alitaja ya pili ya mwezi uliopita. "Saa mbili usiku," aliongeza. "Saa hiyo watu husema ukweli."

Tunu aliliunganisha sanduku moja tu, la nyumba yake, akaingiza ufunguo. Ukumbi ukajaa sauti ya mwiko kwenye sufuria, na juu yake sauti ya Tunu mwenyewe akiimba.

"Mama Tatu," ilisikika sauti ya Hemedi, "huyo mbuzi mfungulie, anateseka."

Watu waliangua kicheko. Tunu alisimama wima. Kicheko kiliwafaa, walikuwa wameshaingia sebuleni kwake na hawakujua bado. Kisha sauti yake ikaendelea, ya mtu aliyechoka na anayejua hasikiwi.

"Bi Mwantumu mwenyewe siku hizi anatembelea jina tu. Mwulize bawabu anafungwaje, hajui. Anachojua ni matangazo."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwantumu alikuwa ameketi jukwaani, hatua chache kutoka kwake. Tunu alitamani kuzima, na kidole kilikuwa karibu, lakini dakika haikuwa imekwisha. Aliiacha iishe.

"Hivi ndivyo ilivyowezekana kusikia nyumba yoyote yenu kwa miaka sita," alisema. "Sina ushahidi kwamba imefanyika. Sina ushahidi kwamba haikufanyika. Ghala nimelitenga. Bawabu wenu watapiga hodi na kuwaambia haya niliyoyasema. Mkijibu karibu, sanduku linafungwa kwa kitasa kimoja. Mkitaka lifutwe, linafutwa."

Bi Mwantumu aliinuka taratibu, akashika kipaza sauti.

"Kwanza," alisema, "ni kweli huyu binti hajui kuimba."

Kicheko kilipita haraka kama upepo wa mlangoni.

"Pili, ni kweli sikujua. Leo asubuhi nimefundishwa. Tatu: kwetu ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Bawabu atapiga mara tatu, leo, kesho na kesho kutwa. Nyumba isiyojibu, sanduku lake tutalifuta. Hatutakaa na kitu ambacho mwenyewe hakutukaribisha. Hayo tu. Nendeni mkaulizwe."

Watu waliinuka. Hawakuzomea, wala hawakupiga makofi. Walitoka mstari kwa mstari, kwa haraka, viti vikigongana. Mzee Kibwana alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Kisha kamati ya zahanati nayo ikainuka, Dakta Mbunda mbele, mkoba kwapani, bila kutazama nyuma.

Ukumbi ukabaki mtupu.

* * *

"Chapa ya miaka sita," alisema Semkiwa, "imetoka mlangoni bila hata kuaga."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jukwaa, tai imelegea. Simu yake ilitoa mlio. Aliisoma, akacheka kwa uchungu, akawaonyesha. Jirani walikuwa wameshatoa tangazo jipya: *Jirani hakuahidi, Jirani hakudanganya.*

"Tangazo zuri," alisema. "Hasira ninayoona ni kwamba sikuliandika mimi."

"Bi Mwantumu," alisema Tunu, "yale ya sebuleni..."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi usiniombe radhi, utaniharibia siku zaidi." Alimpapasa begani. "Umekosea hapo kwenye matangazo tu. Hata matangazo siyajui, ya Gervas hayo."

Tunu aligeukia ramani kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Ilikuwa nyeusi. Ilibaki nyeusi kwa muda wa kutosha mtu kutoka hapo hadi sokoni kwa miguu. Alianza kupanga kichwani jinsi ya kufuta ghala zima kwa utaratibu usioacha mabaki.

Kisha nukta moja iliwaka.

Ilikuwa Ngamiani. Ikawaka ya pili kando yake, kisha tatu kwa pamoja, Makorora, kisha mtaa mzima wa Usagara kama mtu aliyepitisha kiberiti. Tunu alisogea karibu na ukuta. Nukta zilikuwa zinatapakaa kutoka katikati ya mji kwenda nje, kwa mwendo wa watu wanaokwenda kwa miguu, na wengine kwa pikipiki.

"Hawakuondoka," alisema.

"Nini?" aliuliza Semkiwa.

"Bawabu hajibiwi kwa simu. Lazima uwe nyumbani. Walikwenda nyumbani kujibu!"

Semkiwa aliruka kutoka kwenye ngazi. Muheza iliwaka. Korogwe ikawaka. Kisha, bila kufuata barabara yoyote, zikaanza kuwaka Tabora, Kisumu, Bujumbura, Gulu, sehemu ambako watu walitazama sherehe kwenye televisheni za viwanjani na kazini, nao wakarudi nyumbani kujibu. Kila nukta nyeupe ilikuwa nyumba iliyojibu karibu. Zilikuwepo na nukta za kijani, za waliosema futa, na hazikuwa chache. Karibu na mpaka wa kusini palikuwa na wilaya nzima ya kijani.

"Hao wametukimbia," alisema Semkiwa.

Tunu alisoma takwimu. "Wamefuta ya zamani. Bawabu wao bado yupo juu ya mlango, anafanya kazi." Akasoma tena, kwa sababu hakuamini kitu kwa kukisoma mara moja. "Mitambo iliyong'olewa ni michache kuliko ya siku ya kawaida. Na maombi mapya... Gervas, njoo usome wewe."

Semkiwa alisoma. Mtu yule mwenye maneno ya kila tukio alivua tai kabisa akaitia mfukoni. Wateja wa Jirani walikuwa wanaomba bawabu, na mstari wao ulikuwa unarefuka mbele ya macho yake.

"Kwa nini?" aliuliza mwishowe. "Tumewaambia tulikuwa na ufunguo wa nyumba zao!"

"Kwa sababu tumewaambia," alisema Bi Mwantumu. "Wewe ungemwachia nyumba yako nani?"

* * *

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama watu walirudi, wengi kuliko mwanzo. Walikuja na watoto, wengine na nguo za jikoni. Dakta Mbunda naye alirudi. Alikuwa amekwenda hotelini kumpigia mama yake huko Songea, akambembeleza mpaka akamjibu bawabu. Bibi huyo alikuwa amekataa kwanza, akidai hamfahamu anayebisha.

Mshereheshaji alisoma upya swali la kiapo. "Kampuni ya Kizingiti inaweza kuwasikia wateja wake?"

"Sijajaribu," alisema Tunu. "Na kanuni yetu inanikataza kujaribu."

Bi Mwantumu hakuinuka hata kwenye kiti. "Nimeifuta. Mthibitishaji ajaribu, ila kwa ruhusa ya mwenye nyumba."

Tunu aliutazama ukumbi. "Nani anakubali nyumba yake ijaribiwe? Ikifunguka, wote tutasikia."

Alitegemea kunyamaziwa, kisha mtu mmoja jasiri. Kwanza aliinua mkono Mzee Kibwana, kisha mwanamke aliyevaa kitenge karibu naye. Halafu mikono ilianza kuinuka mahali pengi kwa pamoja, mpaka ukumbi mzima ukawa mikono, mume akiinua wa kwake na wa mkewe, na Dakta Mbunda akainua wake bila kuachia mkoba. Tunu aliyezoea kuamini takwimu tu alijikuta hana haja ya kuhesabu.

Alichagua ya Mzee Kibwana. Kisha ya yule mwanamke, kisha nyumba kumi zilizotajwa kutoka kila kona ya ukumbi. Akayaunganisha masanduku yao, akaingiza ufunguo wa majaribio kwenye moja baada ya jingine, na vipaza sauti vyote vya ukumbi vikiwa wazi.

Hakukusikika kitu.

"Ongeza sauti!" mtu alipaza kutoka nyuma.

Ukumbi uliangua kicheko. Tunu naye alicheka, kisha akaongeza sauti, akaizungusha hadi mwisho wake, na watu wote wakatulia, wakainamisha vichwa na kusikiliza. Kilichotoka kilikuwa kimya kitupu, kikubwa, cha nyumba kumi na mbili zilizofungwa na wenyewe.

"Hatuwezi," alisema Tunu.

Ndipo makofi yakaanza.